Nairobi: Mji Huchorwa kwa Ajili ya Nani?

Mpango wa matumizi ya ardhi na usafiri si karatasi tupu. Mstari mmoja unaochorwa na mtaalamu ofisini waweza kuwa, baada ya miaka michache, barabara ya lami ipitayo pale palipokuwa jiko la mtu, duka la mtu au shule ya watoto wake. Kwa sababu hiyo, swali la nani anaulizwa kabla ya mstari huo kuchorwa si la wataalamu peke yao. Ni swali la haki.

Katika nchi jirani ya Kenya swali hilo limekwisha kupewa jibu na sheria. Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti, 2010, imeutaja ushiriki wa wananchi kuwa miongoni mwa maadili ya taifa. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 imeitaka kila kaunti ipange maendeleo na matumizi ya ardhi yake, iwashirikishe wakazi katika kupanga, wala isitumie fedha za umma nje ya mpango. Maneno hayo ni mazuri, lakini hayakuja yenyewe. Yametokana na historia ndefu, na hasa historia ya Nairobi, mji ambao kwa zaidi ya miaka mia moja mipango yake ilichorwa na wachache na mzigo wake ukabebwa na wengi. Yafaa historia hiyo itazamwe, kwani bila ya kuijua ni vigumu kufahamu kwa nini hata leo, katika mitaa ya maskini ya mji huo, kuonekana kwa watu wenye vyombo vya kupimia ardhi huleta hofu kabla ya kuleta matumaini.

Nairobi haikuanza kama mji. Ilianza kama stesheni. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika mahali hapo mwezi wa Mei, 1899. Palikuwa na maji ambayo Wamaasai waliyaita Enkare Nairobi, yaani maji baridi, na mbele yake ulianza mpando mkali wa kuelekea ukingo wa Bonde la Ufa. Wahandisi walihitaji uwanda wa kuweka karakana na mabehewa kabla ya kuukabili mpando huo. Basi mahitaji ya reli ndiyo yaliyochagua mahali pa mji. Wamaasai waliochunga katika uwanda huo na Wakikuyu waliolima kando yake hawakuulizwa. Wala afya ya watakaokaa pale haikufikiriwa sana, kwani ardhi yenyewe ilikuwa ya kinamasi, na wakati wa mvua maji hayakuwa na pa kwendea. Tauni ilipozuka katika soko la Wahindi mwaka 1902, dawa iliyotumiwa na wakubwa ilikuwa kulichoma moto soko hilo.

Afya ndiyo iliyotumiwa baadaye kuwa hoja ya kuwatenga watu. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson, bingwa wa afya aliyetumwa kutoka Uingereza, alipendekeza kwamba miji ya sehemu hizi igawanywe kwa rangi za watu: Wazungu mahali pao, Waasia mahali pao na Waafrika mahali pao. Waraka wa Devonshire wa mwaka 1923 ulikataa kutenga makazi ya mijini kwa sheria, lakini mgawanyo ulikuwa umekwisha kukaa ardhini. Upande wa magharibi, penye udongo mwekundu, miti na hewa safi, palikuwa pa Wazungu. Waasia wenye uwezo walikaa Parklands na Ngara. Mwafrika aliwekwa mashariki, penye udongo mweusi unaonata wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi. Kitongoji cha Pumwani kilianzishwa huko mwanzoni mwa miaka ya 1920, na wakati huo huo Mwafrika alilazimishwa kubeba kipande. Maana yake ilikuwa wazi. Katika macho ya serikali ya kikoloni, Mwafrika hakuwa mkazi wa Nairobi. Alikuwa mfanyakazi aliyeazimwa kutoka kijijini, na muda wake ukiisha arudi alikotoka. Na mtu asiyehesabiwa kuwa mkazi, nani atamwuliza maoni yake juu ya mji?

Mwaka 1948 ulitolewa mpango mkuu wa kwanza uliojitangaza kuwa wa kisayansi. Waliouandika, L. W. Thornton White, L. Silberman na P. R. Anderson, walitoka Afrika Kusini. Waliiita Nairobi mji mkuu wa kikoloni, na hawakulificha jina hilo, kwani waliliweka katika kichwa cha kitabu chao. Walipendekeza mitaa iliyopangwa kwa utaratibu, kila mmoja na shule yake na uwanja wake, na barabara kubwa za kuiunganisha. Juu ya ubaguzi wa rangi walisema kwamba mpango wao haukuwa na upande wowote, kwa kuwa ulifuata mahitaji ya binadamu na ya kitaalamu tu. Lakini katika mji uliokwisha kugawanywa, asiyechukua upande wowote huuacha mgawanyo uendelee. Wakati huo Nairobi ilikuwa na watu wapatao 119,000, na walio wengi walikuwa Waafrika. Hawakuwa na kura. Mwafrika wa kwanza aliteuliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1944, na ulipita mpaka mwaka 1957 ndipo Waafrika walipopata nafasi ya kuwachagua wajumbe wao wenyewe. Mpango wa 1948 uliwahesabu kama wafanyakazi wanaohitaji vitanda na njia ya kufika kazini. Haukuwahesabu kama watu wenye la kusema.

Uhuru ulipopatikana tarehe 12 Desemba, 1963, vizuizi vya kikoloni viliondolewa. Watu waliingia mjini kutafuta kazi, na mipaka ya mji ikapanuliwa mpaka karibu kilomita za mraba 700. Hesabu ya watu ya mwaka 1969 iliwakuta wakazi zaidi ya 509,000. Ilikuwa dhahiri kwamba mpango mpya ulihitajika, na mwaka 1973 ukatolewa mkakati wa ukuaji wa Nairobi, uliokusudiwa kuongoza mji mpaka mwaka 2000. Wataalamu wake walitaka shughuli zisirundikane katikati ya mji, bali vijengwe vituo vingine vya kazi na biashara, na nafasi ziachwe kwa ajili ya barabara za kuuzunguka mji.

Mwaka huo huo wa 1973 kulitokea jambo jingine ambalo yafaa likumbukwe pamoja na mkakati huo. Tangu mwaka 1934 leseni ya kuchukua abiria mjini ilikuwa mikononi mwa kampuni moja ya mabasi. Mabasi yake hayakutosha, wala hayakufika katika mitaa mingi mipya ya wafanyakazi. Wananchi wakaanza kutumia magari madogo ya watu binafsi, ambayo nauli yake ilikuwa sarafu tatu za senti kumi kumi. Jina la matatu lilitokana na sarafu hizo. Magari hayo yalikuwa nje ya sheria na polisi waliyakamata, lakini abiria waliendelea kuyapanda kwa sababu hawakuwa na njia nyingine. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri kwamba yaruhusiwe. Kwa hakika hayo yalikuwa maoni ya wakazi juu ya mpango wa usafiri. Hawakuulizwa katika mkutano wowote, wakajibu kwa miguu yao na senti zao. Na kwa kuwa jibu hilo lilikuja bila ya mpango, lilikuja pia na taabu zake: ajali, msongamano, na vita vya kugombea njia ambavyo Nairobi haijavimaliza mpaka leo. Hapo pana fundisho. Serikali isipowauliza watu, haiwazuii kujibu. Inachofanya ni kuwanyima mahali pazuri pa kutolea jibu lao.

Miaka iliyofuata haikuwa miaka ya kuulizana. Mwaka 1983 Halmashauri ya Jiji la Nairobi iliyochaguliwa na wananchi ilisimamishwa, na mji ukaendeshwa na tume ya kuteuliwa mpaka mwaka 1992. Kwa muda huo wote mkazi wa Nairobi hakuwa na diwani. Viwanja vya umma vilianza kugawiwa watu wenye vyeo na marafiki zao: nafasi za shule, vyoo vya umma, viwanja vya michezo na hata ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u ilichunguza jambo hilo baadaye, na taarifa yake ya mwaka 2004 ilionyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogeuzwa kuwa zawadi ya kisiasa. Basi mpango wa 1973, hata pale ulipokuwa mzuri, uliliwa kidogo kidogo.

Ni katika kipindi hicho ndipo sauti ya mkazi wa kawaida ilipoanza kusikika kwa nguvu. Mwaka 1989 ilijulikana kwamba chama kilichotawala, KANU, kilikusudia kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Bustani ya Uhuru, katikati ya Nairobi. Bustani hiyo ndiyo mahali ambapo mfanyakazi asiye na bustani nyumbani kwake hupumzika siku ya Jumapili pamoja na watoto wake. Profesa Wangari Maathai, kiongozi wa Chama cha Ukanda wa Kijani, aliandika barua kwa wakubwa serikalini na kwa mashirika ya nje akiuliza kwa nini nafasi ya wote ichukuliwe. Alidhihakiwa bungeni. Alipokwenda Mahakama Kuu, shauri lake lilitupwa kwa hoja kwamba hakuwa na haki ya kushitaki, kwa kuwa hakuonyesha madhara yaliyompata yeye binafsi. Lakini wenye fedha walianza kusita, na baada ya muda jumba hilo likaachwa. Miaka michache baadaye, mwaka 1998 na 1999, mapambano yalihamia katika Msitu wa Karura, wenye hekta zaidi ya 1,000 kaskazini ya mji, ambako vipande vya msitu vilikuwa vimegawiwa kwa siri. Wanafunzi, viongozi wa dini na wananchi waliokwenda kupanda miti walipigwa, na Profesa Maathai mwenyewe akajeruhiwa kichwani mwezi wa Januari, 1999. Msitu ulisalimika. Leo watu wa Nairobi hutembea ndani yake.

Yafaa kuchunguza lile neno la Mahakama la mwaka 1989, kwani linaeleza tatizo lote. Mahakama ilisema kwamba mwananchi hawezi kuitetea mali ya wote mpaka aonyeshe kwamba yeye mwenyewe ameumizwa. Maana yake ni kwamba mali ya wote ilikuwa haina mwenyewe. Katiba ya 2010 iliufuta msimamo huo. Inasema kwamba mtu anayekwenda mahakamani kutetea haki ya mazingira safi hana haja ya kuthibitisha kuwa kuna mtu aliyepata hasara au madhara. Barua zilizochekwa mwaka 1989 zilikuwa zimeshinda baada ya miaka 21.

Sheria nazo zilibadilika hatua kwa hatua. Sheria ya Upangaji wa mwaka 1996 iliagiza kwamba mpango utangazwe, na mwananchi apewe siku 60 za kuleta pingamizi lake. Hiyo ilikuwa hatua, lakini ilikuwa hatua fupi. Tangazo lilitolewa katika Gazeti rasmi la Serikali, ambalo muuza mboga wa Gikomba halisomi, na mpango wenyewe uliandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu na ramani zinazohitaji mtu wa kuzifasiri. Aliyeweza kuandika pingamizi ni yule aliyekuwa na wakili. Kwa hiyo mitaa ya wenye nafasi ilisikika, na mitaa ya mabati ikanyamaza. Haikunyamaza kwa kuwa haikuwa na maoni. Hakuna aliyekwenda kuyachukua.

Serikali za kaunti 47 zilipoanza kazi mwaka 2013, wengi walitazamia mambo mapya. Mahakama zilitoa onyo mapema. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu, jirani ya Nairobi, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo kabla ya sheria hiyo kupitishwa. Mahakama ilieleza kwamba ushiriki lazima uwe wa kweli, si wa kutimiza desturi tu. Mwaka huo huo Nairobi ilikamilisha mpango wake mpya mkuu, uliotayarishwa kwa msaada wa Japani na unaolenga mwaka 2030. Yaani kuanzia mwaka 2000, mkakati wa zamani ulipokwisha muda wake, mji ulikuwa umekua kwa zaidi ya miaka kumi bila ya mpango mkuu wa kuuongoza. Hesabu ya mwaka 2009 ilikuwa imewakuta watu milioni 3.1. Hesabu ya 2019 iliwakuta milioni 4.4.

Jaribio kubwa la kuwashirikisha wakazi lilifanyika Mukuru, upande wa kusini-mashariki, karibu na viwanda. Ni makazi ya mabati yaliyobanana katika ardhi ya ekari 650 hivi, yenye kaya zipatazo 100,000. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ina hati za watu binafsi ambao hawakai hapo. Mwezi wa Agosti, 2017, Kaunti ya Nairobi ilitangaza kwamba Mukuru ni eneo la upangaji wa pekee, na ujenzi mpya ukasimamishwa mpaka mpango utayarishwe. Chama cha Muungano wa Wanavijiji kiliwapanga wakazi kuanzia vikundi vya nyumba kumi kumi, utaratibu ambao mtu wa Tanzania ataufahamu mara moja, na vikundi hivyo vikaungana kuwa vya nyumba mia, na kupanda mpaka kwenye mikutano ya eneo zima. Wataalamu wa vyuo vikuu, maofisa wa kaunti na mashirika mengi walikaa pamoja na wajumbe hao kuzungumza juu ya maji, vyoo, shule, afya, ardhi na barabara.

Jambo moja lililozungumzwa linatosha kuonyesha faida ya utaratibu huo. Vipimo vya kawaida vya upangaji nchini Kenya vinataka barabara ziwe na upana ambao, kama ungetumiwa Mukuru, ungebomoa sehemu kubwa ya nyumba zenyewe. Mtaalamu akiwa peke yake na kitabu chake angechora barabara hizo, na angekuwa ametii sheria. Mkazi aliyekaa naye aliuliza: hiyo barabara itapita kwa ajili ya nani, kama sisi hatutakuwapo? Kwa hiyo zilitafutwa njia nyembamba zaidi zitakazoruhusu gari la wagonjwa na gari la zimamoto kuingia, huku wakazi walio wengi wakibaki mahali pao. Waswahili husema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtaalamu ana elimu yake, na hakuna mji unaoweza kujengwa bila ya elimu hiyo. Lakini elimu ya kujua ni uchochoro gani hujaa maji mvua inaponyesha, na ni wapi mama hawezi kupita usiku, iko kwa mkazi.

Kama historia ingeishia hapo, ingekuwa historia ya ushindi. Haikuishia hapo. Mwezi wa Julai, 2018, matingatinga yaliingia Kibera kutengeneza nafasi ya barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata Road. Watu waliobomolewa nyumba zao walikadiriwa kuwa 30,000, na shule zilibomolewa pia. Kibera ni mahali ambapo askari wa Kinubi walikalishwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa karne iliyopita, na wazao wao walisubiri mpaka mwaka 2017 kupata hati ya pamoja ya ekari 288. Hakuna aliyekana kwamba barabara ilihitajika. Msongamano wa magari upande huo ulijulikana na kila mtu. Lililoulizwa ni kwa nini mazungumzo juu ya watu wa kuhamishwa yalikuwa bado hayajazaa matunda wakati matingatinga yalipofika.

Mwaka 2019 ulipotangazwa mradi wa barabara ya juu ya kulipia, yenye urefu wa kilomita 27 kutoka Mlolongo mpaka Westlands, ilionekana kwamba ingechukua sehemu ya Bustani ya Uhuru, bustani ile ile ya mwaka 1989. Wananchi walipinga, na michoro ikarekebishwa ili bustani isalimike. Mwezi wa Novemba, 2020, mgumo mkubwa wa miaka mingi kando ya Waiyaki Way, uliokuwa umepangwa kung'olewa, uliokolewa kwa amri ya Rais baada ya watu kuutetea. Barabara ilifunguliwa mwaka 2022. Mwenye gari na ada ya kulipa hufika haraka kutoka uwanja wa ndege. Chini yake, abiria wa matatu na mtembea kwa miguu, ambao kwa pamoja ndio walio wengi kuliko wenye magari katika mji huo, wanaendelea na safari yao kama zamani. Mti ulisikilizwa na bustani ilisikilizwa, na hilo ni jema. Lakini swali kubwa zaidi, kama fedha na ardhi hiyo zingeanza kutumiwa kwa mabasi ya wengi na njia za waendao kwa miguu, halikuwahi kuwekwa mbele ya wakazi ili walijibu.

Hata Mukuru haikuepuka. Kazi muhimu za Kaunti ya Nairobi zilikabidhiwa mwaka 2020 kwa idara mpya chini ya Serikali Kuu. Idara hiyo ilijenga barabara na kuleta maji katika sehemu za Mukuru, na kwa hilo ilifuata mawazo ya mpango wa wakazi. Lakini mwishoni mwa mwaka 2021 nyumba za maelfu ya watu wa Mukuru kwa Njenga zilibomolewa ili barabara ipite, na familia zikalala katika mahema na chini ya maturubai juu ya vifusi vyao. Watu hao walikuwa wameketi katika mikutano mingi kuliko wakazi wa mtaa wowote mwingine wa Nairobi. Mpango wao ulikuwapo, na mikutano ilikuwa imefanyika. Ila mwenye mpango alikuwa mmoja, na mwenye tingatinga alikuwa mwingine.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Katika Kenya, kama ilivyo katika nchi nyingi, kaunti hupanga matumizi ya ardhi yake, lakini barabara kuu, reli na miradi mikubwa ni kazi ya Serikali Kuu, ambayo mara nyingi huhitaji mkopo au mwekezaji kutoka nje. Mkopo una tarehe zake. Mkandarasi akichelewa hudai fidia. Basi wakazi hualikwa kutoa maoni wakati njia imekwisha kuchaguliwa, fedha zimekwisha kutafutwa na mkataba umekwisha kuandikwa. Wakati huo wanachoweza kuulizwa ni rangi ya ukuta tu. Maoni yanayokuja baada ya uamuzi si maoni, ni malalamiko. Na malalamiko hayana mahali pa kwenda isipokuwa barabarani au mahakamani.

Wapo wanaosema kwamba kuwauliza watu kunachelewesha maendeleo, kwamba kila mmoja atavutia upande wake, na kwamba mji hauwezi kusubiri mpaka wote wakubaliane. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Mpango unapaswa kuwafikiria pia wale wasiokuwapo mkutanoni: mtoto atakayezaliwa, kijana atakayeingia mjini kesho kutafuta kazi. Aidha, katika mikutano mingi anayesema sana ni mwenye nyumba, ilhali mpangaji hunyamaza akiogopa kupandishiwa kodi. Lakini historia ya Nairobi inaonyesha kwamba kutouliza kulikuwa na gharama zake. Mpango wa 1948 haukuuliza, na mji ukarithi mgawanyo ambao mpaka leo unamfanya mfanyakazi avuke mji mzima kufika kazini. Mkakati wa 1973 haukuwa na wananchi wa kuulinda, na ardhi ya barabara zake ikanyakuliwa bila ya mtu wa kupiga kelele. Barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa mwaka 2012, madaraja ya kuvukia watu yalikuwa bado hayatoshi, na waliovuka kwa miguu wakagongwa. Kila kilichookolewa kwa kutouliza kililipwa baadaye kwa bei ya juu zaidi, na aghalabu aliyelipa si yule aliyeokoa.

Kwa hiyo mambo matatu yanajitokeza kutoka katika historia hiyo. La kwanza ni wakati: mkazi aulizwe kabla ya njia kuchaguliwa, wakati ambapo jibu lake laweza kubadili kitu. La pili ni lugha: Katiba ya Kenya imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na hakuna sababu mpango unaogusa nyumba ya mtu uandikwe kwa lugha ambayo mtu huyo hawezi kuisoma. La tatu ni jibu: mkazi aliyetoa maoni yake ana haki ya kuambiwa yalifika wapi, lipi lilikubaliwa, lipi lilikataliwa, na kwa sababu gani. Bila ya hilo la tatu, mikutano itaendelea kuitwa, soda zitanyweka, majina yataandikwa katika orodha ya waliohudhuria, na orodha hiyo itapelekwa mahakamani kuwa ushahidi kwamba wananchi walishirikishwa.

Mafuriko ya mwaka 2024, yaliyofuatwa na amri ya kuwaondoa watu kandokando ya mito katika Mathare na Mukuru, yamekumbusha kwamba kazi ya kupanga upya Nairobi haijamalizika. Miji yote ya Afrika Mashariki inakua, na kila mmoja una mtaa wake unaosubiri kupimwa. Sheria ya Kenya imekwisha kusema kwamba mkazi ni mwenye mji. Kazi iliyobaki ni kwa wale wenye kalamu na wenye mitambo kuliheshimu neno hilo mapema, kwani nyumba ikishabomolewa, kuombwa radhi hakumrudishii mtu mahali pa kulala.